Mswahili wa Rumonge, mgeni wa Canterbury: nani humpa mtu jina akivuka maji?

Samaki mmoja wa Ziwa Tanganyika hubadilika jina kulingana na mwalo aliotua. Akishushwa Rumonge au Uvira ni mukeke. Akishushwa Kigoma ni mgebuka. Akifika Mpulungu, kusini kabisa kwenye pwani ya Zambia, ni bukabuka. Nyama ni ileile; kinachobadilika ni bei, na maswali anayoulizwa mwenye mzigo.

Wafanyabiashara wa mwambao wa Burundi hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwa sababu nao hubadilishiwa majina vivyo hivyo. Mtu anayejulikana kama Mswahili sokoni Rumonge huwa Mrundi akishuka Kigoma na madumu yake ya mawese. Akivuka kwenda Baraka anaweza kuitwa ndugu asubuhi na mgeni jioni, kulingana na habari zilizoingia mjini siku hiyo. Pasipoti haimalizi mjadala. Inataja nchi, lakini haisemi mtu huyo ni wa nani.

Nani humpa mtu jina, na jina hilo linamgharimu nini? Swali hilo lilitawala sehemu kubwa ya riwaya zilizoandikwa Uingereza katika miongo mitatu ya mwisho ya karne ya 20. Laweza kuonekana jambo la mbali, la wasomi wa London na vyuo vyao. Lakini mmoja wa waandishi waliolishughulikia kwa kina ni mtu wa Unguja, na riwaya iliyomtangaza inamtoa kijana wa pwani na kumvusha ng'ambo ya ziwa kubwa la bara, akiwa kwenye msafara wa biashara uliojaa mali ya mkopo. Msomaji aliyewahi kuchukua mali kauli hatakosa kujiona humo.

KIJANA ALIYEWEKWA REHANI

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, wakati visiwa hivyo vikiwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi ya 1964, aliondoka akiwa kijana na kufika Uingereza, ambako alisoma, akafundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent mjini Canterbury hadi kustaafu, na kuandika kwa Kiingereza. Oktoba 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Siku ile magazeti ya Afrika Mashariki yalianza kubishana: ni Mtanzania, ni Mzanzibari, au ni Mwingereza? Wapo waliomdai na wapo waliomkana, wakihoji lini alirudi na kwa nini hakuandika kwa Kiswahili. Mabishano hayo yalikuwa kama ukurasa uliochanwa kutoka katika vitabu vyake mwenyewe.

Kufikia hapo alikuwa ameshaandika riwaya kumi. Tano kati yake zilitoka kabla ya mwaka 2000, na ya nne ndiyo Paradise, iliyochapishwa 1994 na kuingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker mwaka huohuo. Mwaka 2022 ilitoka kwa Kiswahili kwa jina Peponi, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Kwa mfanyabiashara wa Rumonge ambaye Kiswahili ni lugha yake ya hesabu na ya mapatano, hiyo ndiyo nakala ya kutafuta.

Kisa chenyewe kinaanza na deni. Yusuf, mwenye umri wa miaka 12, ni mtoto wa mwenye hoteli katika mji mdogo uitwao Kawa. Mji huo ulichangamka Wajerumani walipokuwa wakijenga reli, kisha ukanywea reli iliposonga mbele. Baba yake anadaiwa na tajiri wa pwani aitwaye Aziz, ambaye mtoto amezoea kumwita ami na kupewa sarafu kila apitapo. Siku moja Yusuf anaambiwa atasafiri na ami yake kwa garimoshi. Hajui kwamba amewekwa rehani.

Anayemfumbua macho ni Khalil, kijana mwingine aliyewekwa rehani vilevile, anayeuza duka la tajiri. Khalil anamwambia bila kumung'unya: huyu si ami yako, na kuanzia sasa utamwita seyyid. Katika riwaya nzima hakuna neno linalofanya kazi kubwa kuliko hilo. Mtoto habadiliki sura wala nguo. Kinachobadilika ni namna ya kumwita mtu mmoja, na hapohapo Yusuf anakuwa mtu mwingine. Wasomaji wa Ulaya walihitaji kuelezwa jambo hili. Msomaji wa Kiswahili haelezwi, kwa sababu anajua tofauti ya kumwita mtu ami, bwana, mzee au bosi, na anajua pia kwamba mwenye kudaiwa hachagui.

Halafu kuna Mzee Hamdani, mtunza bustani. Alipewa uhuru wake na akaukataa. Hakukataa kwa kuupenda utumwa. Hoja yake ni kwamba hakuna aliyekuwa na haki ya kumpa kitu hicho, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haki ya kukichukua. Wahakiki wengi humpita mzee huyu haraka wakimkimbilia Yusuf, nao wanakosea: katika ukurasa mmoja anasema lile ambalo wengine wanalizungukia katika vitabu vizima.

MSAFARA WAVUKA ZIWA

Sehemu itakayomshika zaidi mfanyabiashara ni safari ya bara. Aziz anaandaa msafara mkubwa kwa fedha za kukopa kutoka kwa wakopeshaji wa Kihindi wa pwani. Anaajiri wapagazi, anamweka mnyapara, Mohammed Abdalla, mtu wa fimbo na hadithi za kutisha, na kufunga vitambaa, majembe, shanga na vitu vya chuma. Hesabu ya safari ni ileile ya leo: hongo kwa kila mtawala njiani, magonjwa, wizi, mvua, na bei ambayo hakuna anayeijua mpaka ufike. Mzigo unapungua kabla haujauzwa.

Ng'ambo ya ziwa msafara unafika kwa chifu aitwaye Chatu, ambaye anawashambulia usiku na kuitwaa mali yote. Sababu yake ni ya kibiashara kabisa. Mfanyabiashara mwingine alikuja kabla yao, akachukua mali ya Chatu, akatokomea bila kulipa. Kwa Chatu watu wa pwani ni watu wa pwani. Deni la mmoja ni deni la wote. Aziz analalamika kwamba hamjui mtu huyo, hana undugu naye, wala hawakuwa wabia. Haimsaidii. Hapo ndipo jina la kundi linapokuwa na bei: umefika na mzigo wako, na mtu anakudai deni la mwingine kwa sababu mmevaa kanzu za aina moja.

Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kusimamishwa mwaloni na kuambiwa kwamba watu wa kwao ni wakwepa ushuru analifahamu lalamiko la Aziz. Uzuri wa Gurnah ni kwamba hamsafishi Aziz. Tajiri huyu anayelia kuonewa ndiye aliyechukua watoto wa watu kufidia madeni ya baba zao. Na anayekuja kuamua ugomvi si mwenyeji wala mgeni wa biashara. Ni Mjerumani na askari wake, ambaye anamwamuru Chatu arudishe mali na kutangaza kwamba sasa yeye ndiye serikali. Sehemu ya mali inarudi, lakini faida hairudi, na enzi ya misafara ya kina Aziz inakuwa imekwisha pale pale.

Kisa hiki hakikuzuka kichwani mwa mwandishi tu. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu cha habari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe, Safari za Wasuaheli, na ndani yake imo habari ya Selemani bin Mwenye Chande kuhusu safari yake ya bara na misukosuko ya msafara wake. Wataalamu wa fasihi wameonyesha jinsi Gurnah alivyoichota simulizi hiyo. Kwa hiyo riwaya ya Kiingereza iliyokaribia kupata Booker ilisimama juu ya mabega ya mfanyabiashara wa Kiswahili aliyesimulia hasara zake kwa lugha yake. Kwa wanaouliza kwa nini Gurnah hakuandika kwa Kiswahili, hilo ni sehemu ya jibu, ingawa si jibu lote.

MUUNGWANA, MSHENZI, MSWAHILI

Riwaya haipiti Rumonge. Lakini maneno yanayotupwa huku na huko katika msafara wa Aziz ndiyo yaliyoujenga mji huo. Watu wa pwani katika kitabu huwaita watu wa bara washenzi, na wao hujiita waungwana. Pwani, muungwana alikuwa mtu huru, mwenye asili na adabu za mji. Jina hilo lilipopanda bara na misafara likafunguka. Tabora, Ujiji na Manyema, mtu aliyevaa kanzu, akaswali na kuongea Kiswahili aliitwa mwungwana, hata kama alizaliwa Maniema na alifika katika msafara akiwa mtumwa. Ndiyo maana Kiswahili cha Kongo kiliitwa Kingwana. Jina la mabwana liliishia kwenye vinywa vya wale waliowahi kuitwa washenzi, na hawakulirudisha.

Mwambao wa Burundi ulikuwa kwenye njia hiyo. Ujiji, ambako Burton na Speke walifika Februari 1858, palikuwa soko la chumvi, mawese, samaki, pembe na watu. Kutoka huko wafanyabiashara walipanda na mitumbwi kuelekea kaskazini. Mohammed bin Khalfan, anayejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alijaribu kupanua nguvu zake kutoka Ujiji hadi pwani ya Burundi, lakini mwami Mwezi Gisabo alimzuia asipenye milimani. Tokeo lake ni mpaka usiochorwa kwenye ramani yoyote: mwambao ukawa na Kiswahili, Uislamu na soko, milima ikabaki na mwami na Kirundi.

Wamisionari wa Kanisa Katoliki, wale wanaoitwa Mapadri Weupe, walifika Rumonge mwaka 1879. Tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao waliuawa, baada ya ugomvi uliomhusu mtoto waliyekuwa wakimlea na ambaye wenyeji walitaka arudishwe. Mtoto ni wa nani, na nani mwenye haki ya kumshika? Swali lililoua watu Rumonge mwaka ule ndilo analolibeba Yusuf katika riwaya iliyoandikwa zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Wajerumani walitumia Kiswahili katika utawala wao. Wabelgiji waliofuata hawakukipenda sana, wakapendelea Kirundi na Kifaransa, na Waswahili wa mijini wakawekwa katika mitaa yao, chini ya taratibu tofauti na za wakazi wa milimani. Buyenzi mjini Bujumbura ni mtoto wa sera hiyo. Rumonge na Nyanza-Lac, kwa upande wao, zilikua kwa watu wa kila upande wa maji: Wamanyema, Wabembe na Wabwari kutoka Kongo, watu wa Ujiji, na Warundi walioshuka kutoka milimani kuvua, kulima michikichi na kuuza.

Kwa hiyo Mswahili wa Burundi si kabila. Ni mtu aliyeingia katika namna fulani ya kuishi: mji, biashara, mara nyingi msikiti, na lugha isiyomuuliza babu yake alikuwa nani. Katika nchi ambayo kwa miaka mingi swali la Hutu au Tutsi lilikuwa swali la kufa na kupona, jina hilo lilikuwa pia mlango wa pembeni. Lakini mlango huo una dharau zake. Katika Kirundi, kumwita mtu umuswahili kunaweza kumaanisha Mwislamu wa mjini tu, na kunaweza kumaanisha mjanja, msemaji sana, mtu wa kuangaliwa mfuko. Dar es Salaam nako, kwenye makao ya lugha yenyewe, mtu huambiwa aache uswahili. Ni jina la ajabu: wanaolitumia kwa dharau hulitumia kwa Kiswahili.

MTUMISHI ALIYEDHANIWA BWANA

Waingereza nao walikuwa na hesabu yao ya majina. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 watu kutoka makoloni walifika Uingereza wakiwa raia wa dola moja, kisha sheria zikaanza kuwapunguza. Ya 1962 iliweka vizuizi, na ya 1968 ilipitishwa haraka wakati Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walipokuwa wakielekea huko. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia wa Uganda. Sheria ya uraia ya 1981, iliyoanza kutumika Januari 1983, ilisema kuzaliwa katika ardhi ya Uingereza peke yake hakutoshi tena kumfanya mtoto kuwa raia. Katika miaka hiyohiyo waandishi walioitwa wageni wakaanza kuandika riwaya za Kiingereza zilizokuwa bora kuliko nyingi za wenyeji.

Buchi Emecheta, Mnaijeria, aliitangulia safu hiyo na Second-Class Citizen mwaka 1974. Adah, mwanamke msomi mwenye kazi nzuri Lagos, anafika London na kukuta kwamba wenye nyumba hawapangishi watu weusi, na kwamba Wanaijeria wenzake wanamshauri ajishushe alingane na hali. Hicho cha pili kinamuumiza zaidi.

Hanif Kureishi, mwaka 1990, alimleta Karim katika The Buddha of Suburbia. Ni kijana wa baba Mhindi na mama Mwingereza, mzaliwa wa vitongoji vya London. Anataka kuwa mwigizaji. Nafasi ya kwanza anayopewa ni Mowgli, mtoto wa msituni, na mwongozaji anamtaka apakwe rangi awe mweusi zaidi na aongee kwa lafudhi ya Kihindi ambayo hana. Baba yake naye anagundua kwamba Waingereza wa kitongojini wako tayari kumsikiliza iwapo atajifanya mwalimu wa hekima za Mashariki. Kitabu kinachekesha, na kicheko chake ni cha sokoni: mteja anataka kitu cha kigeni, basi muuzie. Kila anayeuza vitenge kwa watalii anaijua biashara hii.

Lakini aliyelifikisha swali mbali zaidi katika riwaya za wakati huo huenda ni Kazuo Ishiguro, mzaliwa wa Nagasaki aliyekulia Uingereza. Riwaya yake The Remains of the Day ilipata Booker mwaka 1989, na ndani yake hakuna mhamiaji hata mmoja aliye mhusika mkuu. Yupo Stevens, mtumishi mkuu wa nyumba ya lodi, Mwingereza kindakindaki. Anasafiri kwa gari la tajiri wake, petroli inamwishia, na watu wa kijiji kimoja wanamkaribisha. Kwa gari lile, suti na matamshi yake, wanamdhania ni bwana mkubwa. Stevens hawasahihishi. Anazungumza kuhusu wakubwa aliowahudumia mezani kana kwamba alikaa nao. Daktari wa kijiji peke yake ndiye anayemtambua. Msomaji anasisimka kwa aibu ya Stevens, kisha anagundua kwamba mtu huyu ameishi maisha yake yote ndani ya sare na hajui aliye chini yake.

Gurnah mwenyewe aliandika kuhusu wahamiaji kabla na baada ya Peponi. Katika Pilgrims Way ya 1988, Daud kutoka Tanzania anafanya kazi ya kusafisha na kubeba hospitalini Canterbury, akijilinda kwa mzaha na kwa kuishabikia timu ya kriketi ya West Indies. Katika Dottie ya 1990, msichana mweusi aliyezaliwa Uingereza ana majina manne, Dottie Badoura Fatma Balfour, na hajui yalitoka wapi. Mama yake aliitwa Bilkisu, akalitupa jina hilo na kujiita Sharon, akidhani jina jipya litamfungulia njia. Halikumfungulia. Alichomwachia binti ni majina yasiyo na hadithi.

WALIORUDI

Mwambao wa Burundi una hadithi zake za kurudi, na hapo ndipo riwaya hizi zinapoacha kuwa za mbali.

Tarehe 29 Aprili 1972 mashambulizi yalizuka kusini mwa nchi, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwemo, na Watutsi wengi wakauawa. Jibu la serikali lilikuwa mauaji ya Wahutu nchi nzima, yaliyowalenga hasa wasomi, watumishi na wanafunzi. Makadirio ya waliokufa huanzia watu 100,000 na kuendelea. Walioweza walikimbia, wengi kwa mitumbwi, kwenda Tanzania na Kongo. Mashamba ya mwambaoni, yenye michikichi na udongo mzuri, hayakubaki matupu. Mengine yalipewa watu wengine, mengine yakaingizwa katika miradi ya serikali ya mawese.

Wakimbizi hao waliwekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walifyeka msitu, wakalima, wakazaa. Mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha kuwapa uraia wapatao 162,000 kati yao na watoto wao. Wengine maelfu walichagua kurudi, hasa baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 na kutulia kwa vita. Waliofika Rumonge walikuta mtu mwingine chini ya michikichi ya baba yao, na sheria ya ardhi ya 1986 ilimtambua aliyekaa katika ardhi miaka 30. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoanzishwa 2006, ilirundikiwa kesi. Kuna pahala ndugu wawili wa damu hawakutambuana. Pahala pengine anayedai na anayedaiwa wote walikuwa na haki, na hilo ni gumu kuliko dhuluma ya wazi.

Zaidi ya ardhi kulikuwa na ulimi. Kijana aliyezaliwa Mishamo alifika nyumbani na Kiswahili cha shule ya msingi ya Tanzania, Kirundi cha kusikia kwa bibi, na Kifaransa sifuri. Shuleni alirudishwa madarasa ya chini. Mtaani aliitwa Mtanzania. Tanzania, alipotoka, alikuwa ameitwa Mrundi na mkimbizi maisha yake yote. Ndugu zake waliobaki Burundi walimtazama kama mtu aliyekuja kudai, naye aliwatazama kama watu waliokula.

Mwaka 1996 Gurnah alitoa Admiring Silence. Mhusika wake, mwalimu asiyetajwa jina, anaishi London na mwanamke Mwingereza, Emma, na wana binti. Kwa miaka mingi amekuwa akimtungia baba yake Emma hadithi za ukoloni mtamu, kwa sababu mzee yule anapenda kuzisikia. Kwao Zanzibar nako amekaa kimya kuhusu mwanamke na mtoto. Anaporudi kutembea baada ya miaka karibu 20, anakuta vyoo vibovu, maji hayatoki, na familia imeshamtafutia mchumba. Anaposema ukweli, nyumba inamgeukia. Anaporudi London, Emma anamwambia kwamba anamwacha. Amedanganya pande zote mbili ili apendwe pande zote mbili.

Kitabu hicho hakijasifiwa kama Peponi, na kweli kina sehemu zinazolegea, hasa mazungumzo yake marefu kuhusu moyo mgonjwa. Lakini juu ya jambo moja kinasema kweli kuliko ripoti nyingi za mashirika: anayerudi hurudi na hadithi aliyoitengeneza, na waliobaki nao wametengeneza yao, na hadithi hizo hukutana mlangoni kabla ya watu wenyewe.

Wakati huu wa Jumuiya, mambo mengine yamelegezwa. Burundi imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007, na Kongo iliingia 2022, hivyo pande za Rumonge, Kigoma na Baraka ziko ndani ya umoja mmoja. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za asili ya Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha uasilia, ambacho kinathibitisha kwamba mawese yake ni ya Afrika Mashariki. Mafuta yamepata cheti kabla ya mwenyewe. UNESCO imeitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Na katika mgawanyo mpya wa Burundi wa mikoa mitano, ulioanza kutumika 2025, Rumonge, iliyofanywa mkoa mwaka 2015, imeingizwa katika mkoa wa Burunga. Watu wake wamebadilishiwa anwani mara mbili ndani ya miaka kumi bila kuhama nyumba.

Yusuf wa Peponi anaonekana kwa mara ya mwisho akiwa kijana. Khalil amekwisha kupewa uhuru wake na bado yuko dukani, kwa ajili ya Amina, aliyelelewa naye kama dada na ambaye sasa ni mke wa tajiri. Aziz amempa Yusuf nafasi ya kubaki na kupanda cheo katika biashara. Ni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na msafara wa askari wa Kijerumani umepita ukikamata vijana kuwa wapagazi na wapiganaji. Yusuf alikuwa amejificha, amefungiwa ndani salama. Anatoka, anausikia mlango wa bustani ukifungwa kwa komeo nyuma yake, na anakimbia kuufuata msafara.

Wasomaji wamebishana kwa miaka 30 kama kijana huyo amejikomboa au amebadilisha bwana.